Kamera Ina Mwenyewe

Kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa idara ya jinsia na utamaduni ya Kaunti ya Nakuru, kwa wakuu wa vituo vya runinga, na kwa wenye matatu za Njoro, Free Area na Pipeline, ambao najua hamsomi barua lakini makanga wenu wanasoma.

Waheshimiwa,

Kazi yangu ni kukata vichwa.

Nahariri video za muziki hapa Nakuru, mwaka wa saba sasa. Wasanii wananiletea picha walizopiga, mimi naketi mbele ya kompyuta, chai inapoa pembeni, nachagua kipi kibaki na kipi kitupwe. Cha msanii mwanamume kinachobaki ni uso, mkono wenye saa, uso tena, halafu mgongo akilielekea gari la kukodi. Cha mwanamke kinachobaki ni kuanzia shingoni kwenda chini. Kichwa nakitupa. Hakuna aliyeniandikia amri hiyo. Nilijifunza tu, kama fundi cherehani anavyojifunza kuacha pindo, kwamba hivyo ndivyo mwenye pesa anavyoipokea kazi bila maneno mengi.

Nawaandikia kwa sababu ya goti.

Mwaka jana tulipiga video kule Menengai, juu pale watu wanapoegesha magari kutazama kreta. Upepo wa pale mnaujua, haubembelezi mtu. Walikuja mabinti wanne wa kucheza. Mmoja alivaa koti la njano la mtumba na alikuwa na nguo mbili za kubadilisha kwenye begi la mgongoni. Alijipaka vipodozi mwenyewe kwa kioo cha pembeni cha gari la mpigapicha. Alicheza tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, katikati wakaletewa chapati na soda. Jioni alitumiwa shilingi elfu moja kwenye simu, nauli ikiwa humo humo. Hakuna karatasi aliyotia sahihi, wala hakuna aliyemwuliza jina lake la pili.

Video ilipotoka aliwapigia watu wa nyumbani, upande wa Bumula, kule Bungoma. Mama yake akawaita majirani, wakaizunguka simu ya kijana mmoja wa boda. Wakaitazama mara ya kwanza. Wakaitazama mara ya pili. "Sasa wewe ni yupi?" Mara ya tatu mama akasema, simamisha hapo. Alikuwa amemjua mwanawe kwa kovu la goti, alilolipata akiwa darasa la tatu alipoanguka na baiskeli akienda kusagisha mahindi.

Binti alinipigia akicheka, kile kicheko cha mtu ambaye hajaamua kama atalia. "Dada, uso wangu uliuweka wapi?"

Nikarudi kwenye picha mbichi kuutafuta. Nilikuta sekunde kumi na moja: upepo unampiga, wigi linataka kuruka, analishika kwa mkono mmoja huku anacheka na kututazama moja kwa moja. Pembeni ya kipande hicho nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Anaangalia kamera, haifai."

Nilipomsimulia mpigapicha, alinijibu kama wanavyojibu wanaume wa steji: macho hayana pazia. Ni methali tamu na ina ukweli wake, kwani anayepita njiani huwezi kumfunga macho. Lakini kamera si jicho la mpita njia. Ina aliyeishika, ina aliyeikodi kwa siku, ina mtu kama mimi anayekesha akiamua nini kionekane na kwa muda gani. Pazia lipo, na kamba yake tumeishika sisi.

Mwaka 1975 Mwingereza Laura Mulvey aliandika insha kuhusu filamu za Hollywood. Nilipewa niisome chuoni, na kwa kuwa imejaa saikolojia ya Freud, niliiweka kando na kwenda kulala. Niliielewa miaka mingi baadaye nikiwa na kipanya mkononi. Anasema kwamba katika filamu zile mwanamume ndiye anayetazama na kuisukuma hadithi mbele. Mwanamke yupo ili atazamwe, na akitokea yeye hadithi husimama kidogo ili watu washibe macho. Kuna macho matatu: la kamera, la mhusika ndani ya hadithi, na letu sisi tulioketi gizani. Yote matatu yamewekwa mahali angesimama mwanamume.

Hilo la hadithi kusimama, mimi hulifanya kwa kitufe. Binti anapigwa picha kwa fremu 50 kila sekunde, kisha naicheza kwa 25, basi kila tikiso la kiuno linachukua muda maradufu. Msanii anabaki kwenye mwendo wa kawaida ili midomo ifuate maneno. Yeye anapigwa kamera ikiwa chini, aonekane mrefu kama jengo la benki. Binti anapandwa na kamera kutoka visiginoni, taratibu, na karibu tufike kidevuni ninakata, tunarudi kwa bwana mwenye wimbo. Kuna sababu ya kifundi pia, na afadhali niwaambie kwa kuwa hakuna mwingine atakayewaambia. Mtazamaji akiona uso, jicho lake hukimbilia pale kwanza. Uso wa binti ukikaa kwenye skrini sekunde tatu anaanza kuwa mtu: unajiuliza amechoka au amefurahi, anamjua huyu jamaa au la. Msanii mmoja aliwahi kuniambia waziwazi, "Huyo mtoe, ananifunika." Na kweli alikuwa anamfunika.

Jambo moja lilinichukua muda kulikubali. Jicho hilo halihitaji mwanamume wa kulishika. Mimi ni mwanamke, nina binti wa darasa la sita, na nimelishika miaka saba.

Wala tusijidanganye kwamba lilitujia na Hollywood. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wosia. Anamwusia jinsi ya kukaa na mume: ajifukize, ajipambe, asimuudhi. Wapo wanaousoma kama mnyororo, wapo wanaousoma kama hekima ya mama anayemfundisha mwanawe kuishi katika nyumba ambayo funguo zake hana. Mimi hubadilika kulingana na siku. Lakini kutazamwa kama kazi ya mwanamke kulikuwa kumeshaandikwa kwa Kiswahili kabla Hollywood haijawa mtaa. Tofauti ni hii: Mwana Kupona alitaja humo humo jina lake na mahali alipozaliwa, Pate. Kalamu ilikuwa yake. Naye Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alipochekwa kwa sura na kwa ushamba wake alijibu kwa kuimba kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Santuri hazikuwa na picha. Kuna usiku hujiuliza, angeletwa kwangu leo, ningemkatia wapi.

Sasa niingie kwenye matatu. Wiki chache baada ya ile simu nilikuwa kwenye gari la Njoro, moja la zile zenye skrini kubwa nyuma ya dereva. Ikapita video ambayo, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeihariri mimi. Mbele yangu alikaa mama wa sokoni, gunia la sukuma miguuni. Akatazama, akainamisha kichwa huku na huku kama anayechungulia chini ya kitanda, kisha akauliza kwa sauti ya gari zima: "Na huyu mtoto kichwa chake kiko wapi? Alizaliwa hivi?" Tulicheka hadi makanga akashika mlango vizuri. Mmarekani mweusi bell hooks, aliyependa jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, alimjibu Mulvey mwaka 1992 kwamba wanawake weusi hawakuketi tu sinema wakameza walichopewa. Wengi walitazama kwa jicho la kukataa. Huyo mama wa sukuma hajasoma kitabu chochote cha hooks, na hakuhitaji.

Ila kando yake alikuwepo msichana wa shule, sare ya kijani, begi mapajani. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama kwa makini, kama mtu anayenakili ubaoni. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Katika video zangu hata kisogo hakipo.

Bodi ya Uainishaji, nakuja kwenu, na najua mnachofikiri. Mnafikiri nataka mfungie. Sitaki.

Ninyi mna vipimo vya umri: GE ya watu wote, PG ya mwongozo wa mzazi, 16, 18. Mmewahi pia kuwaonya wenye matatu kuhusu wanachoonyesha abiria. Mwaka 2019 aliyekuwa bosi wenu alitangaza kwamba nyimbo mbili zilizokuwa zikivuma zipigwe kwenye baa na vilabu vya watu wazima tu. Hapa Nakuru hazikunyamaza hata siku moja; nadhani tangazo lile liliziongezea umri. Shida yenu ni kwamba mnapima kitambaa. Mnauliza nguo imefika wapi, ngozi imeonekana kiasi gani, kiuno kimekatika mara ngapi. Video yangu ya Menengai ingepita mikononi mwenu bila taabu: suruali ndefu za jinzi zilizochanika magotini, makoti, baridi ilikuwa kali. Hakuna paja hata moja. Na bado hakuna mtu ndani yake isipokuwa mmoja.

Kwingine waliipitia njia hii kabla yetu. Mwaka 1990 jaji mmoja huko Florida, Marekani, aliamua kwamba albamu ya kundi la rapu la 2 Live Crew ni uchafu kisheria. Wanamuziki wakakamatwa baada ya onyesho, wakashtakiwa, wakaachiliwa; mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi wa yule jaji. Katikati ya kelele hizo aliandika mwanasheria Kimberlé Crenshaw, yule aliyekuwa ameonyesha mwaka 1989 jinsi ubaguzi wa rangi na wa jinsia unavyokutana kwa mtu mmoja kama barabara mbili kwenye makutano. Alikataa kambi zote mbili. Serikali, alisema, haikuwa inamlinda mwanamke mweusi, ilikuwa inawaandama wanaume weusi. Na waliowatetea wanamuziki kwa kusema huo ni utani na utamaduni wetu walikuwa wanamwambia mwanamke yuleyule avumilie kutukanwa kwa faida ya jamii. Nilipomsoma nilihisi kama amekaa kwenye kiti changu. Kila mara tunapogombana hapa kuhusu wimbo fulani, upande mmoja unapiga kelele ya maadili na mwingine kelele ya sanaa, na yule binti aliyelipwa elfu moja anapanda gari lake kwenda nyumbani bila kuulizwa neno.

Tena kipimo cha kitambaa hakibaki kwenye skrini, hushuka barabarani. Novemba 2014 wanaume walimvua nguo mwanamke kwenye steji ya matatu jijini Nairobi, wakidai amevaa vibaya, na kuna aliyekuwa ameshika simu akirekodi. Tarehe 17 mwezi huo wanawake waliandamana wakisema nguo yangu ni hiari yangu. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge liliongeza kifungu cha 251A kwenye Kanuni ya Adhabu: anayemvua mtu nguo ili kumdhalilisha hukumu yake si chini ya miaka kumi. Wale wanaume walikuwa na rula ileile mnayoitumia ninyi. Na simu iliyokuwa ikirekodi ilikuwa kamera kama yangu: mwili ulionekana, na aliyekuwa akiutazama hakuonekana.

Mwezi huohuo wa Novemba 2014, UNESCO iliiingiza ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, kule Kakamega, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Anayeifahamu Isukuti anajua kwamba mabega na viuno havilali mle. Ohangla ya Waluo nayo vivyo hivyo. Muulizeni yeyote aliyekesha Kondele, kule Kisumu. Nyumbani kwetu magharibi mwanamke akicheza matangani au harusini huchezea watu wanaomjua, anaimbwa kwa jina, anatajiwa ukoo na mume na kijiji, na anayemtazama naye anatazamwa. Mwimbaji Princess Jully alipofiwa na mumewe alishika maikrofoni na kuongoza bendi, na hakuna aliyewahi kumtambua kwa goti. Kwa hiyo mtu asiichukue barua hii akaipeleka kanisani kutafutia wasichana sketi ndefu. Kiuno kikatike. Mimi naulizia kichwa.

Kaunti ya Nakuru, ninyi mnapenda kusema mambo ya habari ni ya Nairobi. Fungueni Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Miongoni mwa kazi mlizopewa ni utamaduni na burudani za umma, na sinema zimetajwa, na maonyesho ya video na ukodishaji wake umetajwa. Mimi naona kwamba skrini iliyowashwa mbele ya abiria kumi na wanne ni onyesho la video. Mawakili wenu wakiona vinginevyo waje tubishane. Tena kaunti ni mteja. Mnalipia video za utalii, za tamasha, za kampeni za afya, na nyingine zimepita kwenye kompyuta yangu. Katika moja, ya kuwavuta watalii, niliambiwa niongeze "warembo" kati ya flamingo na kifaru. Niliongeza. Walikaa sekunde chache kuliko kifaru, na kifaru alionyeshwa uso.

Na hii ndiyo Nakuru! Mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na mwaka uliofuata kaunti nzima ikachagua mwanamke kuwa gavana, mwanamke kuwa seneta, na wanawake kuwa wabunge wa Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati. Watu walitoka mbali kuja kutushangaa. Watu haohao waliopanga foleni wakawapigia kura, wakapanda matatu kurudi nyumbani wakitazama mabinti wasio na vichwa, na hakuna aliyeona kitendawili. Simlaumu gavana, video za muziki hakuzitengeneza yeye. Nasema tu kwamba kwa kaunti hii kusema "jamii haiko tayari" ni kisingizio kilichokwisha mwaka 2022.

Runinga, kwenu nitapita haraka. Mnatii saa ya watoto, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, kwa kufuta neno moja la matusi na kuacha mengine yote. Kwenye habari hali ni ya aina nyingine lakini ni ndugu wa hii. Mradi wa kimataifa unaohesabu habari duniani kila baada ya miaka mitano ulikuta mwaka 1995 kwamba wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaozungumziwa na kuhojiwa. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Robo karne, pointi nane. Mwaka huohuo wa 1995 serikali zilikuwa Beijing, kwenye mkutano wa dunia wa wanawake, zikiandika mpango wenye maeneo kumi na mawili, na la kumi ni wanawake na vyombo vya habari. Kenya ilikuwepo, na miaka kumi nyuma mkutano kama huo ulikuwa Nairobi. Mwanamke akitokea kwenye taarifa yenu ya saa moja mara nyingi analia, au amepoteza mtoto, au anasimama nyuma ya mtu anayeongea. Mnao wahariri wanawake, nawajua baadhi. Waulizeni nao wanakata nini.

Basi nataka nini?

Nataka Bodi, mnapokaa kuainisha video, mwongeze maswali matatu ya kijinga kwenye fomu yenu. Wanawake waliomo wana nyuso? Kuna hata mmoja anayefanya jambo lolote ambalo halimhusu mwenye wimbo? Majina yao yameandikwa mahali? Msimkataze mtu kwa majibu yake. Yachapisheni tu, kama mnavyochapisha umri. Nawaahidi kwamba dairekta atakayesoma "nyuso: hakuna" chini ya kazi yake mara tatu, ya nne ataipiga tofauti, hata kama ni kwa aibu.

Majina ndiyo hasa yananiuma. Mwisho wa video, au kwenye maelezo yake mtandaoni, utaona dairekta, mpigapicha, aliyerusha droni, mwenye gari, duka lililoazima viatu. Viatu vina jina. Mkataba wa kimataifa uliopitishwa Beijing mwaka 2012 (ndiyo, Beijing tena) na kuanza kutumika mwaka 2020 unamhesabu mcheza ngoma kuwa mtumbuizaji sawa na mwimbaji na mwigizaji, na unampa haki ya kutajwa kwa kazi yake. Hapa kwetu tunawaita "warembo" na tunafunga faili.

Kisha kuna karatasi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na uso wa mtu ni data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Mteja aliyekwenda kunywa alilindwa. Binti aliyecheza kwa muda wa saa saba kwenye upepo wa Menengai hana hata ujumbe wa simu unaosema picha zake zitatumika wapi na mpaka lini. Namjua mmoja aliyefanya kazi ya siku moja, na miaka minne baadaye kiuno chake kilikuwa kwenye tangazo la kamari. Alikiona kikipita juu ya simu ya mtu mwingine kwenye foleni ya benki. Kaunti ikisema tu kwamba haitampa kazi, ukumbi wala kibali mtengenezaji asiye na karatasi ya ukurasa mmoja yenye majina, malipo, saa za kazi na matumizi ya picha, mambo yatabadilika hapa mjini ndani ya miezi, maana sote tunaziombea hizo zabuni.

Wenye matatu, kwenu sina sheria ya kuwatisha nayo. Namba ya abiria wanawake kwenye gari la Njoro saa kumi na moja jioni mnaijua kuliko mimi. Wapeni rimoti siku moja.

Nami? Msidhani nimejitoa kwenye lawama kwa kuandika. Nimewaambia wateja wangu kwamba kuanzia sasa kila mwanamke atakayeingia kwenye kompyuta yangu atatoka na uso angalau mara moja, na jina lake litaandikwa, au watafute mhariri mwingine. Wawili wamemtafuta mwingine. Mmoja alinuna, akakubali, kisha akanipigia kusema watu wanauliza yule dada wa ubeti wa pili ni nani, na kama anaimba. Anaimba, kumbe. Kodi ya chumba mwezi huu nimeilipa kwa kuchelewa, na hilo nalo ni la kweli.

Msanii wa Menengai nilimwomba turudishe zile sekunde kumi na moja. Akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Yule binti sasa anasuka nywele karibu na Top Market. Nilimtumia kipande chake kwenye simu jinsi kilivyo, bila rangi, bila kukatwa, naye akakituma Bumula. Naambiwa mama yake amekionyesha kila anayepita kununua mboga. Hakina muziki ndani. Ni upepo tu, na mtu anacheka.

Wenu,
Mhariri wa video, Nakuru